Mwaka Mto Wetu wa Hounslow Ulipoganda

Nianze na goti, kwa sababu bila ya goti hili nisingepanda ngazi za mwanamke yule hata kwa kuburutwa.

Goti langu la kulia lilimalizika uwanja wa ndege. Nilisafisha vyoo vya wasafiri tangu mwanangu anavaa kaptula za shule mpaka akaota ndevu, akaoa, akazaa. Watu wanaruka kwenda kwao, mie nimeinama na mopa. Siku niliyostaafu walinipa keki na kadi, na goti nikaondoka nalo mwenyewe. Nikasema sasa nitalala asubuhi mpaka jua linipige usoni. Wapi! Jua lenyewe la hapa halijui njia ya kuja dirishani.

Aliyenitoa kitandani tena ni mjukuu wangu. Msichana, mtoto wa huyo huyo mwanangu, na msije mkasema ninajisifu, maana ninajisifu kweli. Mie kusoma kwangu kulikuwa chuo cha Kurani na kuandika jina langu. Mapinduzi yalipokuja Unguja nilikuwa mwari wa kuchumbiwa, na baada ya hapo nyumbani kwetu hakuna aliyezungumza habari ya shule, watu walikuwa wanatafuta pa kuweka vichwa. Lakini huyu mtoto amesoma mpaka vyuo vyenyewe vimemkinai. Na anachosoma ni barafu. Barafu ya mitoni: siku gani mto umeganda, siku gani umeachia, mwaka huu na miaka ile, apate kujua dunia inavyozidi kupata joto. Aliponieleza mara ya kwanza nilimuuliza, "Na hiyo kazi ina mshahara?"

"Bibi!" akasema. Hajanijibu mpaka leo.

Barafu kwetu ilikuwa kitu cha kununua. Unatumwa na kikapu, unakatiwa pande, linafunikwa unga wa mbao lisiyeyuke, unakimbia nalo na maji yanakuchuruzika miguuni. Kwamba mtu anaweza kusimama ukingoni akaingojea barafu ije bure, kama anayengoja mgeni, hilo nimelijulia hapa Hounslow, pembeni ya London.

Nyuma ya maghorofa yetu unapita mto. Mdogo, wageni hudhani ni mtaro, na vijana wanautupia vigari vya supamaketi. Lakini chini kidogo kuna kizingiti cha saruji kilichokata mto, na maji yakikifikia yanapunguza mwendo, yanatanuka, yanalala. Hapo ndipo palipotakiwa kuangaliwa. Kulikuwa na Mwingereza mmoja mzee aliyepaangalia kila msimu wa baridi, yeye na mbwa wake, kwa miaka mingi, bila ya kutumwa na mtu. Alipokufa, kumbukumbu zake zikamfikia mjukuu wangu, naye akazishika kama mtu aliyeokota dhahabu. Mito ya London yenye mtu wa kuiangalia namna hiyo ni michache. Lakini yeye mwenyewe alikuwa kaskazini ya mbali, kwenye mto mkubwa unaoganda mpaka lori linapita juu. Huu wa kwetu ulitaka mtu. Wenzake wa kazi wakafunga kamera kwenye mti. Hata wiki haikwisha, imeibiwa. Basi nikabaki mie.

Akanifundisha. Uende kila asubuhi ya msimu wa baridi, kabla watu hawajapita wakavunja kwa mawe. Useme moja katika haya: hakuna, barafu ya kando, mto mzima, yaani ukingo kwa ukingo, au umeachia. Usiamini macho peke yake, kwa sababu barafu safi ni nyeusi kama maji yenyewe, na picha haitofautishi. Utupe kijiwe. Kikizama, maji. Kikiteleza, barafu.

"Na usikisie, Bibi. Na usiruke siku. Ukikosa siku ya kuganda au siku ya kuachia, msimu mzima natupa."

Mie nisiyejua kuandika vizuri nilikuwa nasema kwenye simu na kumpelekea sauti. Na nilichosema, msimu baada ya msimu, ni neno moja: hakuna. Mwendo wa kwenda mtoni goti linalia, mwendo wa kurudi linalia, mvua ya London ile isiyonyesha wala isiyoacha inaniingia shingoni, na yote hayo ili niseme mto haukuganda. Kila mtu si anajua haukuganda? Nilimwambia siku moja nimechoka kuangalia kitu ambacho hakipo.

"Hata hakuna ni habari, Bibi."

Haya. Nikaendelea kutoa habari.

Sasa nimlete huyo mwanamke. Ni mtu wa Mombasa, Mji wa Kale, mjane kama mie, aliyekuwa akipakua vyakula vya ndege wakati mie nasafisha vyoo. Anakaa ghorofa ya tatu kwenye jengo la mwisho, lile linalosimama juu ya mto, na dirisha lake la jikoni linatazama palepale kwenye maji yaliyolala. Tulikuwa chanda na pete. Nikipika mie, sahani inapanda kwake. Akipika yeye, sahani inashuka kwangu, na sahani hairudi tupu, hiyo ndiyo adabu tuliyolelewa nayo sote wawili, ingawa yeye alilelewa nayo kwa kelele zaidi.

Tukagombana kwa ajili ya mwezi.

Jioni ya Ramadhani ishirini na tisa, wanawake tumekusanyika ukumbini kufuturu, na ubishi ule ule wa kila mwaka: wengine wanangoja watangaziwe na Saudia, wengine tunasema mwezi uonekane. Akaingia, koti hajalivua, anahema.

"Nimeuona! Kwa macho yangu! Dirishani kwangu, juu ya mto!"

Mie nimekaa na sambusa mkononi. Nikasema, "Shoga, huo si mwezi. Hiyo ni taa ya ndege, inangoja zamu ya kutua."

Nyinyi msiokaa Hounslow hamjui. Mbingu yetu ndege zimepanga foleni kama watu wa posta. Ukumbi mzima ulicheka mpaka watu wakapaliwa.

"Wanambia mimi sijui mwezi na ndege?"

"Basi sema, pembe zake zilielekea wapi?"

Akawatazama wanaocheka, mmoja mmoja. Akafunga vifungo vya koti akatoka. Kesho yake yeye alikula Idd, mie nikafunga. Na sahani yangu, ya maua ya buluu, aliyoninunulia marehemu mume wangu gulioni mwaka tuliofika nchi hii, ilikuwa kwake, nilimpelekea mkate wa kumimina siku mbili kabla. Haikurudi. Ramadhani tatu zikapita. Tukikutana ukumbini ni salamu ya Mungu tu, halafu kila mtu anasoma matangazo ya ukutani. Mie sijui kuomba radhi kwa jambo la kweli.

Halafu ikaja baridi ile. Baridi haina adabu, inaingia ndani ya soksi. Kwanza ikatokea barafu ya kando, nyembamba kama ukoko wa maziwa. Nikasema kwenye simu, "Ya kando." Asubuhi ya pili imesogea. Halafu asubuhi moja nikafika ukingoni nikasimama, sikujua kilichonishtua. Baadaye nikafahamu: kimya. Maji ya kizingitini, ambayo hunguruma usiku na mchana, yalikuwa yananong'ona. Mbele yangu mto mweusi, unang'aa, hautingishiki. Nikatupa kijiwe. Hakikuzama. Kikaruka, kikateleza, na mto mzima ukatoa sauti kama ndege mdogo anayeita, tiuu, tiuu, tiuu, mpaka ng'ambo. Nilitupa vingine, na si kwa sababu ya kazi.

Mjukuu wangu alipiga simu mwenyewe. "Bibi! Mto mzima?"

"Mto mzima. Ukingo kwa ukingo."

Akapiga kelele huko kaskazini kama kaambiwa kaolewa na mfalme. Halafu akatulia. "Sasa sikiliza, Bibi. Usiruke hata asubuhi moja. Siku mto utakapoachia ndiyo ninayoitaka. Nisipoipata, hii ya leo nayo inakufa."

Na asubuhi ya pili yake, nimerudi mtoni, koti bado mwilini, hospitali ikapiga. Kuna mtu kaghairi, kuna nafasi ya kupasuliwa goti langu niwekewe jipya, niingie kesho kutwa au nirudi kwenye foleni. Foleni hiyo nilikuwa nimeikalia mpaka nimesahau nangoja nini.

Mwanangu anaendesha gari la kupeleka mizigo, anatoka kabla ya alfajiri. "Mama, nenda ukakatwe goti," akasema. "Mto ni mto."

Mjukuu wangu alipoambiwa akasema, "Nenda, Bibi. Goti muhimu zaidi." Lakini sauti ile naijua. Ndiyo niliyokuwa nayo mie nilipoambiwa nisiulize habari za shule.

Dirisha la kuuona mto nililolijua lilikuwa moja tu, la yule wa Mombasa. Lifti ya jengo lake mbovu. Nikapanda ghorofa tatu kwa miguu, ngazi moja, nashika ukuta, ngazi moja, namlaani aliyebuni ngazi. Nikabisha.

Akafungua nusu. Aliponiona, mkono ukaenda kifuani. "Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Nataka macho yako."

Akaniangalia. "Macho yangu? Haya yaonayo ndege?"

"Hayo hayo."

Angeniacha nisimame mlangoni mpaka Kiyama, lakini aliona mguu unavyotetemeka. "Ingia uketi, usije ukaniangukia hapa watu wakasema nimekusukuma."

Nikamweleza yote: barafu, kijiwe, Mwingereza na mbwa wake, mtoto na kazi yake ambayo bila ya siku ya mwisho haina thamani. Alikuwa amesimama dirishani amenipa mgongo, na chini kule mto umelala, mweupe sasa kwa umande ulioganda.

"Wataka nikuangalilie mto kila alfajiri."

"Si mie. Ni mtoto."

"Mtoto namjua, nimembeba mgongoni. Haya, nitaangalia, dirisha lipo."

"Dirisha halitoshi. Lazima uteremke utupe jiwe."

"Aka! Na baridi hii?" Kisha akageuka. "Na nikikwambia umeachia, utaniamini? Ama utasema ni ndege imetua?"

"Mtoto atakuamini."

"Sikuuliza mtoto."

Nikageuza uso. Niliiona sahani yangu kwenye kabati la vyombo nyuma ya kioo, imesimamishwa, safi, haina hata vumbi. Yeye akaniona nimeiona.

"Nitakwenda," akasema. "Kwa ajili ya mtoto."

Nikakatwa goti. Habari za hospitali sizihadithii, kila mzee wa London anazo zake. Nikarudishwa nyumbani, kitanda kimewekwa sebuleni, mguu umenyooshwa juu ya mito ya kulalia kama wa mtu mwengine. Na kila alfajiri simu inalia mara moja, sauti yake imefika. Hana salamu, hana umelalaje.

"Ni mimi. Mto mzima."

Basi. Nikaisikiliza mara mbili mbili, natafuta kitu ndani yake, na hakuna. Naipeleka kaskazini kama ilivyo. Nilikuwa nimechoka uchovu ambao usingizi hauuondoi, na katika siku zile za vidonge na chai baridi, maneno yale mawili, mto mzima, ndiyo yaliyokuwa yananijulisha kuwa ni asubuhi.

Halafu baridi ikakatika. Mvua ikanyesha usiku kucha, mvua ya kawaida, na mabomba ya nyumba yakaanza kudondosha maji. Mwanangu akaingia mchana na viatu vyake.

"Mama, umeachia. Nimepita darajani, maji tupu, yanang'aa. Nimeshampigia mtoto."

Lakini alfajiri ile ile simu ilikuwa imelia. "Ni mimi. Mto mzima."

Haikupita saa, mjukuu wangu yuko kwenye simu, baba yake kasimama pembeni yangu, na mie katikati na mguu wangu. "Baba anasema maji. Bibi wa ghorofa ya tatu anasema barafu. Baba kanipelekea picha, na picha inaonyesha maji. Bibi, niandike la nani?"

"La mwenye akili," mwanangu akasema. "Mama si wewe mwenyewe ulisema? Huyu mwanamke ndiye aliyeona ndege akasema mwezi."

Maneno yangu hayo, katika mdomo wa mwanangu. Sikuyapenda yalivyosikika. Yalikuwa kweli, lakini sikuyapenda.

"Ningojeeni," nikasema. Nikampigia. Ilikuwa mara ya kwanza kuzungumza tangu ngazi zile.

"Mwanangu anasema maji matupu."

"Mwanao yuko garini."

"Umetupa jiwe?"

"Nimetupa, nimeteremka tena sasa hivi nimetupa, maana nilijua mtasema. Limepiga maji, chwa, kidogo tu, kisha likagonga, likateleza. Mvua imekaa juu ya barafu, chini pagumu vilevile. Na bata kasimama katikati, maji yamfika vifundoni. Muulize mwanao, bata hutembea juu ya maji tangu lini?"

"Limeteleza kweli?"

"Wataka niape?" akauliza, na sauti yake ilikuwa imechoka kuliko yangu.

"Sitaki uape."

Nikamrudia mjukuu wangu. "Andika la mwanamke. Mto mzima."

"Una hakika, Bibi? Nikikosea hapa, nimekosea kazi yote."

"Huyu kateremka ngazi tatu akatupa jiwe. Baba yako alifungua kioo cha gari. Andika."

Mwanangu akavuta pumzi, akaenda jikoni, akawa anagongagonga sufuria zisizo na kosa. Usiku ule nililala vibaya. Si goti. Nilikuwa nawaza: kama kakosea, basi mie ndiye niliyempotezea mtoto kazi yake, kwa ushahidi wa mtu ambaye kwa ushahidi wake niliuchekesha ukumbi mzima.

Asubuhi ya pili akasema tena, mto mzima, akaongeza: "Barafu yaanza kulia."

Na asubuhi iliyofuata haukuja ujumbe. Ilipigwa simu hasa. Nikaipokea, nikasikia upepo, na dirisha linafunguliwa.

"Sikiliza," akasema.

Kwanza sikusikia ila ndege, ya angani, inashuka. Ilipopita, nikasikia. Mkwaruzo, kama sahani nyingi nzito zinazosukumwa juu ya meza ya saruji. Kisha kitu kikapasuka, pa, na nyuma yake maji ya kizingitini yakarudi na sauti yao yote, zile ngurumo nilizozisikia miaka na miaka bila ya kuzisikiliza.

"Wasikia?"

"Nasikia."

"Umeachia. Vipande vinapita juu ya kizingiti, kimoja kimoja. Nimeona kwa macho yangu."

Maneno yale yale ya ukumbini. Sijui kama aliyachagua.

"Nimekubali," nikasema, kama kadhi anavyomwambia shahidi.

Maji tu yananguruma. Kisha akakata.

Mjukuu wangu alilia, kwa Kiingereza, ndivyo wanavyolia wa kuzaliwa huku. Msimu ule una mwanzo na una mwisho, aliniambia, na umekaa katika kazi yake chini ya ile ya Mwingereza na mbwa wake. Nilimwambia vizuri, mjukuu wangu, sasa niache nilale.

Sikulala. Mlango ulibishwa. Akaingia yule wa Mombasa na matope mpaka kwenye vifundo kama yule bata wake, amebeba sahani iliyofunikwa kitambaa, akaiweka juu ya kiti pembeni ya kitanda. Kaimati, za moto, shira inang'aa. Alinitazama mguu.

"Wamekushona kama gunia."

"Ngoja wakushone wewe."

Akaketi, hajavua koti. Tukala. Nje ndege zinashuka moja baada ya moja.

"Basi waniamini," akasema mwishowe.

"Kwa barafu, nakuamini."

"Na mwezi?"

Ningeweza kumpa. Alikuwa ameteremka zile ngazi kwa ajili yangu asubuhi zote zile. Lakini mie nimezeeka, na uongo unataka nguvu.

"Mwezi hukuuona, shoga. Ilikuwa ndege."

Akanyoosha mkono, akaichukua kaimati iliyokuwa karibu na vidole vyangu, akaila yeye, taratibu, ananiangalia. Kisha mabega yakaanza kumtetemeka, na kicheko kikamtoka, na mie nikacheka mpaka mishono ikanivuta.

Alipoondoka ndipo nilipofunua kitambaa chote. Haikuwa sahani yangu. Ilikuwa ya kwake, ya rangi ya kijani, ina ufa pembeni. Yangu kaibakisha kabatini, mshenzi yule. Na sahani hairudi tupu. Basi nitapona, nitapika, nitapanda, na lifti bado mbovu.